Sura ya Sita: Saa Nne ni ya Nani?

Kila ninapozungumza na watu kuhusu chakula, iwe Kitale, Bungoma mjini au Nairobi, swali moja hunifuata. Mtu hutaja mkahawa aliokuwa akiupenda. Miaka michache iliyopita, atasema, ukifika pale Jumapili saa tano bila kupiga simu kwanza, ulisimama mlangoni nusu saa ukingoja meza. Leo unaingia na kujichagulia kiti. Chakula hakijaharibika, wahudumu bado wana adabu, hata maua ya mezani ni yale yale. Basi umepatwa na nini?

Nilikuwa na majibu yangu ya haraka, mpaka Jumapili nilipompeleka shangazi yangu kwenye mkahawa wa namna hiyo, Westlands. Shangazi aliolewa Ndalu, eneo la Tongaren, kaunti ya Bungoma. Ndalu ni Bungoma kwa ramani, lakini mtu wa huko akitaka mbegu au spea ya trekta macho yake huelekea Kitale, katika kaunti jirani ya Trans-Nzoia. Mimi nililelewa kwake. Alikuwa amekuja Nairobi kuonwa na daktari, na nilitaka aonje raha ya mji kabla hajarudi.

Tuliketi yapata saa nne na nusu. Meza nyingi zilikuwa tupu. Kwa dirisha walikuwa vijana wawili waliovaa miwani myeusi, na mbele yetu bwana mmoja na mkewe wakimega mkate polepole huku kila mmoja akitazama simu yake. Shangazi aliwaangalia kwa heshima, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, hawa nao wametoka shamba gani?"

Nikamwambia hawajatoka shamba lolote, ndio kwanza wameamka. Akanyamaza kidogo.

"Basi hii si chai ya saa nne," akasema. "Hiki ni kitu kingine."

Nimeandika sura hii kwa sababu ya maneno yale. Tangu siku hiyo, kila mkahawa uliofifia nautazama kwa swali lake: hawa wanaokula hapa wametoka wapi, na saa hii ni ya nani?

Saa ile ile, milo miwili

Saa zetu za Kiswahili zinahesabu tangu kucha. Jua likichomoza tunaanza, na saa nne maana yake ni kwamba mchana umeshatimiza muda wa saa nne. Kwa mkulima wa Ndalu aliyeingia shambani saa kumi na mbili, hesabu hiyo iko mwilini: amepalilia, mgongo umeanza kuuma, tumbo linadai. Saa inamweleza amefika wapi katika kazi.

Kwa kijana aliyelala saa tisa usiku, saa nne ya Jumapili ndiyo alfajiri yake. Amechelewa kiamshakinywa, na chakula cha mchana bado. Wenye mikahawa wakamtengenezea mlo wa katikati. Waingereza waliunganisha majina yao mawili ya milo hiyo wakapata jina moja, na sisi tunalitamka branchi. Katika sura hii, branchi ni mlo unaoanza kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, hasa Jumamosi na Jumapili, wenye mayai na chai au kahawa kwa upande mmoja, na nyama na saladi kwa upande mwingine, watu wakikaa bila haraka.

Kwa hiyo tunayo milo miwili inayogongana katika saa moja. Mmoja ni wa watu ambao siku yao imekwenda mbali, mwingine ni wa watu ambao siku yao haijaanza.

Chai ya saa nne shambani

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu mlo huu haujaandikwa vya kutosha, na waliokua nao hudhani haustahili kuandikwa.

Sehemu kubwa ya Ndalu na majirani zake ilikuwa mashamba ya walowezi, na baba zetu walifanya kazi humo kwa saa ya mwenye shamba. Kuanzia 1962, serikali ilinunua mashamba kama hayo katika nyanda za juu, kwa mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja, ikayakata vipande na kuwagawia wananchi. Wakati huohuo Kitale ilikuwa ikibadilisha mahindi yenyewe. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko 1956, na 1964 watafiti wa kituo cha Kitale wakatoa mbegu ya H611, mahindi chotara, yaani yaliyopatikana kwa kuzalisha aina mbili tofauti pamoja ili mazao yawe mengi. Mkulima mdogo aliyepata ekari zake na mbegu hiyo alijikuta na kazi isiyongoja: kupanda mvua za Machi na Aprili zikianza, palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia, palizi ya pili. Familia peke yake haitoshi. Unaita vibarua.

Ukitaka kujua chai ya saa nne ina uzito gani, sikiliza mazungumzo ya kuajiri kibarua. Bei ya mstari au ya siku hutajwa, kisha huja swali: "Kuna chai?" Jibu likiwa hakuna, bei inabadilika au mtu anaenda shamba la jirani. Chai ni sehemu ya ujira. Shangazi alikuwa na sifa ya kutoichelewesha, na nina hakika ndiyo sababu hakuwahi kukosa watu wa palizi hata msimu ambao kila mtu aliwahitaji.

Chai yenyewe huchemshwa pamoja, maji na maziwa na majani na sukari katika sufuria moja, mpaka ipande na kushushwa mara mbili tatu. Hubebwa kwenye birika kubwa au mtungi wa plastiki ulioviringishwa nguo ili isipoe. Kando yake kuna viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, nduma, au mandazi ya jana. Msimu wa mahindi mabichi huja githeri. Watu hukaa ukingoni mwa shamba, majembe yamelazwa, na kwa dakika ishirini hivi kila mtu ni sawa na mwenzake: mwenye shamba, kibarua, mtoto aliyetumwa na vikombe. Habari za kijiji hupita hapo. Kisha mmoja husimama bila kuambiwa, na wote husimama.

Sokoni Ndalu mlo huu una nyumba zake. Sisi wa Kenya tunaziita hoteli, ingawa hakuna anayelala humo: mabati, benchi, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, jiko la kuni nyuma. Saa nne utawakuta mafundi, waendesha bodaboda waliobeba maziwa tangu alfajiri, na akina mama waliokwisha panga nyanya zao. Shuleni walimu huchanga fedha za chai ya saa nne mwanzoni mwa mwezi, na ofisini hali ni hiyo hiyo. Ni mlo wa nchi nzima, ila hakuna anayeupiga picha.

*Kwa ufupi: chai ya saa nne haina uhusiano na mitindo. Imefungwa kwenye kazi, na kazi ikiwepo kesho, chai nayo itakuwepo.*

Wenye mabucha wa New Orleans

Nilidhani tofauti hii ni ya kwetu, ya shamba na mji, hadi niliposoma habari za mama mmoja wa New Orleans, kusini mwa Marekani.

Jina lake lilikuwa Elizabeth Kettenring, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1863 yeye na mumewe walifungua nyumba ya chakula karibu na soko kuu la mji, French Market, kando ya mto Mississippi. Wateja wao walikuwa wenye mabucha. Mtu wa bucha huanza kazi kabla ya mapambazuko; ifikapo saa tano asubuhi amekwisha kata na kuuza nyama, ana njaa ya mtu mzima. Mama huyu akawapikia kiamshakinywa cha pili, kizito, chenye mayai na maini na divai. Shangazi angekitambua mara moja. Ni chai ya saa nne, ingawa chai haimo.

Mumewe alifariki, akaolewa tena na bwana Bégué, ambaye naye alikuwa amefanya kazi ya bucha sokoni, na watu wakamjua kwa jina la Madame Bégué. Mwishoni mwa 1884 mji huo ulifungua maonyesho makubwa ya kimataifa ya pamba. Wageni waliofurika walisikia habari za meza hii na wakataka kuketi. Waliandika kwa ndugu zao. Baada ya muda, kupata nafasi kwa Madame Bégué kukawa jambo la fahari, na waliokuwa wakikaa pale wengi wao walikuwa watalii. Wenye mabucha walisukumwa kando kwenye meza iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Alifariki 1906. Mwaka 1914 jengo lile lilichukuliwa na mkahawa mwingine, Tujague's.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu hakuna aliyekosea. Mama alipika vizuri, wageni walilipa vizuri. Hata hivyo, wenye saa waliondoka, na mlo ukabaki mikononi mwa watu ambao saa ile kwao ni matembezi.

Jina la branchi lenyewe lilikuja baadaye, Uingereza. Mwaka 1895 mwandishi Guy Beringer aliandika katika jarida la Hunter's Weekly akiwatetea watu waliokesha Jumamosi usiku wakistarehe. Aliomba wasilazimishwe kuamka Jumapili asubuhi na kukabili nyama nzito. Waachwe walale, kisha mchana waanze na chai au kahawa na vitu vyepesi, ndipo waendelee na vizito. Alisisitiza kwamba mlo huo ungewafanya watu wawe wachangamfu na wenye kuzungumza. Kwa hiyo Beringer hakuanza na njaa ya mfanyakazi. Alianza na uchovu wa aliyekesha. Branchi ya mjini ina baba huyo, hata kama mama yake alikuwa akiwapikia watu wa bucha.

Umati hufuata umati

Sasa turudi kwenye swali la viti vitupu.

Sokoni Ndalu, kama katika soko lolote, utaona hoteli mbili zinazotazamana. Moja imejaa, ya pili ina watu wawili. Mgeni aliyeshuka kwenye matatu ataingia wapi? Ataingia ilikojaa, ingawa itambidi abanane. Na ana sababu nzuri: penye watu wengi chai haijakaa kwenye sufuria, chapati zinatoka jikoni zikiwa moto, na kama kuna kasoro wenyeji wangekuwa wameshahama. Umati unamwambia jambo la kweli kuhusu chakula.

Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliliona jambo kama hilo katika mji wa Palo Alto, California. Mkahawa mmoja wa samaki ulikuwa na foleni ndefu kila siku. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwingine, chakula chake hakipishani sana na cha huo, na viti vyake vingi havikuwa na watu. Becker akajiuliza: kwa nini wenye foleni hawapandishi bei? Jibu alilolitoa mwaka 1991 ni kwamba foleni ni sehemu ya kinachouzwa. Mtu anataka kula mahali ambapo wengine wanataka kula. Ukipandisha bei foleni ikapungua, unaweza kujikuta umeondoa kile kilichowavuta hata waliobaki. Akaongeza jambo ambalo kila mwenye mkahawa angelijua kabla ya kukopa benki: kutoka kwenye kuvuma hadi kusahauliwa ni rahisi kuliko safari ya kurudi.

Hapo ndipo hoteli ya Ndalu na mkahawa wa Westlands vinapoachana. Umati wa Ndalu umeletwa na kazi, kisha kila mtu akachagua mlango. Mlango mmoja ukipoteza watu, chai haijapungua sokoni; imehamia ng'ambo. Umati wa branchi kwa sehemu kubwa umeletwa na umati wenyewe. Kijana amekuja kwa sababu marafiki wamekuja, na meza ile imeonekana kwenye picha za watu anaowapenda. Mahali pengine papya pakifunguliwa, picha zinahama, na hakuna kazi iliyobaki pale ya kumleta mtu kesho yake.

Chukua parachichi juu ya mkate. Sifa ya kuliweka kwenye menyu ya mkahawa na kulitangaza duniani hupewa Bill Granger, aliyefungua mkahawa wake Sydney, Australia, mwaka 1993. Lilipofika Nairobi lilikuwa jambo la kujivunia, na wenye mikahawa walilitoza bei ya ugeni wake. Nyumbani kwa shangazi maparachichi huanguka usiku na kuokotwa asubuhi pamoja na kuni. Simlaumu anayelipa, alilipia ugeni, na akaupata. Ila ugeni ni bidhaa inayokwisha kwa kutumiwa. Mkahawa wa tatu mtaani ukianza kuuza mkate ule ule, ule wa kwanza umebaki na parachichi tu.

Hesabu ya meza

Msomaji ataniambia: lakini mkahawa wa branchi unatoza bei kubwa, unaweza kuvumilia siku tupu. Tufanye hesabu kwa mfano.

Tuseme mkahawa una viti 40, na mtu wa branchi hukaa saa 2. Kutoka saa nne hadi saa nane, kila kiti kinakaliwa mara 2, kwa hiyo wateja ni 80 wakijaa kabisa. Hilo hutokea Jumamosi na Jumapili: 160 kwa wiki.

Hoteli ya sokoni ina viti 20 vya benchi. Mnywaji chai hukaa dakika 20. Kati ya saa nne na saa tano pekee, kila kiti kimekaliwa mara 3, yaani watu 60. Kwa siku 6 ni watu 360, bila kuhesabu chakula cha mchana.

Wafanyabiashara huita jambo hili mzunguko wa meza: idadi ya mara ambazo kiti kimoja hupata mtu mpya kwa siku. Mkahawa wa branchi hufidia mzunguko mdogo kwa bei ya juu. Bili yetu ya Jumapili ile, watu wawili, ingetosha kulipa vibarua kadhaa wa palizi siku nzima. Lakini kodi ya Westlands hulipwa kwa siku 7 za wiki, na mpishi anayejua kutokosa mayai yasivunjike huwezi kumwita siku 2 tu. Siku 5 za kazi zinaishi kwa kutegemea mbili za mapumziko. Jumapili zikianza kulegea, hakuna Jumanne ya kuziokoa.

Na Jumapili nazo zinaegemea kitu kingine, kama Beringer alivyoona: usiku wa Jumamosi. Wakenya tulilithibitisha wakati wa korona. Kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, ilianza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti mapema, lakini usiku haukurudi. Watu wakalala mapema, wakaamka mapema, wakanywa chai nyumbani. Ule mlo wa saa tano ulipoteza chanzo chake kwa miezi mingi, na baadhi ya watu hawakuurudia kamwe.

Vitu vinavyoweza kuufifisha mkahawa wa branchi bila mpishi kukosea chochote ni vingi. Hivi ndivyo ninavyoviona mara nyingi:

- Waliokuwa vijana pale wamezaa, na Jumapili yao sasa inaanza saa kumi na mbili na mtoto.
- Kampuni zilizokuwa mtaani zimehama, na barabara mpya imewapitisha watu mbali na mlango.
- Duka kubwa la jirani limefungwa. Nakumatt ilipoanguka mwaka 2017 na 2018, mikahawa iliyokuwa kwenye majengo yake ilipoteza watu waliokuwa wakipita na mifuko ya manunuzi.
- Hofu. Tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi mchana, watu walikuwa wakila na wengine wakinunua vitu Westgate wakati magaidi walipovamia na kuua watu 67. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kuketi kwenye baraza ya mkahawa mjini siku ya mapumziko kulihitaji ujasiri. Niliwajua watu walioacha kabisa.

Mgunga wa Nairobi

Mkahawa wa Thorn Tree, katika hoteli ya New Stanley, ulifunguliwa mwaka 1959. Katikati yake ulisimama mti wa mgunga, na wasafiri walibandika barua na vikaratasi kwenye shina lake: nimekwenda Mombasa, nifuate; nauza gari; mama, mimi ni mzima. Ukitaka kujua nani yuko Afrika Mashariki, uliagiza kahawa pale. Umaarufu wa mkahawa ule ulitokana na kazi uliyoifanya: ulikuwa posta ya watu wasio na anwani.

Simu za mkononi na intaneti zilipofika, kazi ile ilikwisha. Mwaka 1996 Lonely Planet, wachapishaji wa vitabu vya wasafiri, waliipa baraza yao ya mtandaoni jina la Thorn Tree, na hapo unaona kabisa mahali ujumbe ulikohamia. Mkahawa upo, mgunga upo ingawa si ule wa kwanza, na ni mahali pazuri pa kunywa chai. Ila aliyekuja kusoma shina haji tena.

Linganisha na Java House, iliyofungua duka lake la kwanza Adams Arcade, barabara ya Ngong, mwaka 1999. Kahawa ilikuwa imelimwa nchini tangu mapadre walipoipanda Bura, Taita, mwaka 1893, lakini ile nzuri ilisafirishwa nje, na hotelini tulipewa ya unga wa kopo. Duka lile likatuuzia kahawa yetu wenyewe. Ugeni huo nao ungekwisha. Kampuni imepita mikononi mwa wamiliki mbalimbali, ikiwemo Abraaj ya Dubai iliyoinunua 2017 na kuporomoka yenyewe mwaka uliofuata, na matawi yake bado yana watu. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba ilishika saa za kazi: mkutano wa saa nne wa mtu asiye na ofisi, mahojiano ya ajira, mwanafunzi na kompyuta yake. Hao wanarudi Jumanne.

Kazi ikiondoka, hata hoteli ya mabati huanguka. Webuye, katika kaunti yetu ya Bungoma, palikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Wafanyakazi walitoka kwa zamu, na hoteli za mji zilipika kwa kufuata zamu hizo; sufuria iliwekwa motoni kwa sababu mlango wa kiwanda ulikuwa karibu kufunguliwa. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa. Chai ya Webuye haikuharibika wala bei yake haikupanda, lakini wenye saa nne hawakuwa na mahali pa kutoka. Kiwanda kilikuja kuuzwa mwaka 2016. Niliyoyaona katika ile miaka ya katikati yalinifunza zaidi kuhusu mikahawa kuliko chochote nilichokisoma: mama wa hoteli amesimama mlangoni, birika limejaa, anatazama barabara.

Meza ya pembeni

Jumapili ile shangazi alikula mayai yake yote, akasifu mkate, akaacha mchuzi wa siagi pembeni ya sahani. Aliomba chai ya maziwa. Alipewa maji ya moto kwenye birika dogo, kifuko cha majani kikiwa kando, na maziwa baridi kwenye kikombe kidogo mfano wa cha mtoto. Alimshukuru mhudumu na kuvichanganya mwenyewe kwa uangalifu.

Karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na meza ambayo sikuwa nimeiona. Walikaa wanawake watatu, masweta juu ya sare nyeupe, viatu vya kazi vimelegezwa kamba chini ya meza. Walikuwa wakila haraka na kucheka kwa sauti ya chini, kama watu waliokesha pamoja. Mbele yao hapakuwa na parachichi wala mchuzi. Walikuwa na chapati, mayai ya kukaanga na chupa kubwa ya chai.

Nilipomuuliza mhudumu aliniambia ni wauguzi, wametoka zamu ya usiku katika hospitali ya jirani. Wameanza kuja mwaka huu. Chapati haimo kwenye menyu. Mpishi huwakandia kwa sababu waliomba.

"Hao wako kila siku," akasema. "Hata Jumanne."

Shangazi alikuwa ametusikia. Aliinuka, akaenda mpaka pale mezani, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Mulembe. Poleni na kazi," akawaambia.

Mmoja wao, aliyeonekana ametoka kwetu kwa jinsi alivyoitikia mulembe, akasogeza kiti na kumimina chai kwenye kikombe cha nne. Shangazi aligeuka kunitazama mara moja, kisha akaketi.